Leo mpira, kesho sinema: kumbe Hemingway naye alikuwa na baba mdogo!

MSOMAJI wangu, wiki hii nimekalia kiti moto. Baba mdogo kanipigia simu kutoka Sirari, anataka jibu Jumatatu: nikamsimamie duka lake la saruji na mabati, au niendelee na kile anachokiita "kuhangaika na makaratasi".

Simlaumu. Mwaka 2021 nilikuwa naandika habari za mpira. Oktoba ile, Biashara United yetu ya Mara iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 katika Kombe la Shirikisho Afrika, halafu ikashindwa kusafiri kwenda kwenye marudiano. Ikatolewa bila kufungwa uwanjani! Roho iliniuma ile mbaya.

Habari ile nikaigeuza mchezo wa jukwaani: wachezaji 11 wamekalia mabegi, wanasubiri ndege. Tukaucheza Tarime mjini. Baada ya nusu saa mzee mmoja akasimama: "Vijana, hiyo ndege inakuja saa ngapi?" Ukumbi mzima ukavunjika mbavu, mimi nikavunjika moyo. Nikahamia kwenye video. Upepo na bodaboda vikameza maneno yote. Sasa naandika hadithi. Pale stendi washikaji wananiita Bwana Kila Kitu.

Juzi nikiwa kwenye basi la kwenda Mugumu, tunakata Nyamongo, nikawa namsoma Ernest Hemingway, yule Mmarekani. Jamaa si mchezo! Mwaka 1917 alianzia gazeti la Kansas City Star, ambako waandishi waliagizwa watumie sentensi fupi. Akaandika habari za ngumi, na za wanaume wa Hispania wanaopambana na fahali. Ngumi zile zile zikazaa hadithi. Mwaka 1937 akaandika maelezo ya filamu ya The Spanish Earth na kuyasoma kwa sauti yake. Mwaka huo huo, Madrid ikipigwa mabomu, akaandika mchezo wa kuigiza, The Fifth Column. Ulipofika Broadway, New York, mwaka 1940, ulionyeshwa mara 87, basi. Kumbe hata yeye jukwaa lilimsumbua!

Na huku kwetu alifika. Mwishoni mwa 1933 alikuja kuwinda, akapiga kambi katika mbuga za Serengeti. Januari 1934 akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu, ikabidi ndege imchukue hadi Nairobi. Mwingine angerudi kwao kimya. Yeye akatuma barua zake jarida la Esquire, akatoa kitabu, Green Hills of Africa, mwaka 1935, na mwaka 1936 hadithi ya The Snows of Kilimanjaro: mwandishi anaumwa porini, anasubiri ndege. Mwaka 1952 hadithi hiyo ikawa sinema.

Anasubiri ndege! Nilishtuka nusura niangushe kitabu. Ni mchezo wangu mtupu! Lakini tofauti niliiona hapo hapo. Mtu wake, akiwa anasubiri, anakumbuka mambo yote aliyojiwekea kwamba ataandika baadaye, na muda ndio huo unamwishia. Wachezaji wangu walikuwa wanasubiri tu. Mzee wa watu aliuliza swali la haki.

Halafu kuna hili, na baba mdogo akilisoma atafurahi. Safari ile ya Hemingway iligharimiwa na Gus Pfeiffer, aliyetoa dola 25,000. Gus ni nani? Baba mdogo wa mkewe!

Basi nimeamua. Jumatatu nampigia: duka nalikubali, ila daftari litakaa chini ya kaunta, na jioni ni zangu. Sitaki kuja kulala kitandani siku moja nahesabu nilivyoacha kuandika. Mchezo naurudia upya, na safari hii kila mchezaji juu ya begi lake atasema alichoacha nyumbani ili afike pale.

Yule mzee nitamwekea kiti cha mbele kabisa.