Taa ya Sola: Itumike, Itunzwe, Isitupwe Chooni



Kata ya Kitete imo ndani ya Manispaa ya Tabora, na nguzo za umeme zipo. Hata hivyo, umeme unapokatika, na kwa ndugu zetu wa vijijini wasiofikiwa na nguzo, taa ndogo ya sola imechukua nafasi ya kibatari. Haina moshi wa mafuta ya taa, na haiunguzi nyumba ikiangushwa na mtoto. Lakini ndani yake mna betri, na betri ina siku zake. Kabla ya kamati kupokea taa, ijiulize: zikifa, zitakwenda wapi?

Kuchaji na kutumia

Tabora inajulikana kwa miembe iliyopandwa kando ya njia ya zamani ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Mwembe unafaa kwa mkutano, haufai kwa kuchajia taa. Kivuli kikifunika hata sehemu ndogo ya paneli, nguvu hupungua sana. Weka paneli juani tangu asubuhi hadi jioni. Kama paneli na taa vimeunganishwa kwa waya, taa yenyewe ikae kivulini, kwa sababu joto kali hufupisha maisha ya betri.

Taa ikianza kufifia, izime na uichaji siku inayofuata. Betri inayoachwa tupu kwa wiki nyingi huharibika. Taa iliyowekwa stoo ichajiwe angalau kila baada ya miezi miwili. Tukumbuke pia kwamba kuchaji simu hula akiba ileile ya kusomea usiku.

Kusafisha

Wakati wa kiangazi vumbi hutanda juu ya paneli na kuzuia mwanga. Ifute kwa kitambaa laini chenye unyevu, asubuhi kabla haijapata moto. Usitumie mchanga, majivu wala steelwire, maana paneli ikikwaruzwa hairudi kama ilivyokuwa. Taa izimwe kwanza, kisha ifutwe, isitumbukizwe majini.

Ikishindwa kuwaka

Mara nyingi kinachokufa ni betri tu, na fundi anaweza kuibadilisha. Betri mpya iwe ya aina ileile. Zipo betri za lithiamu za volti 3.2 na nyingine za volti 3.7, zinaweza kufanana kwa umbo, lakini hazibadilishani. Ya 3.2 ikiwekwa kwenye taa ya 3.7 huchajiwa kupita kiasi, nayo ni hatari. Betri iliyovimba isichajiwe tena.

Kutupa

Wengi wetu tumezoea kutupa betri za zamani chooni. Tuache. Baadhi ya betri zina madini ya risasi au kadimiamu, ambayo ni sumu na yanaweza kufika kwenye maji ya kisima. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Betri ya lithiamu nayo ikichomwa au kutobolewa inaweza kulipuka.

Tunashauri kila kamati ifanye haya:

1. Imteue mtu mmoja wa kupokea taa na betri zilizokufa na kuziandika daftarini.
2. Ncha za betri zifungwe kwa utepe wa plastiki, kisha betri ziwekwe katika ndoo kavu yenye mchanga mkavu, mahali penye hewa, mbali na watoto na moto.
3. Iwasiliane na Afisa Mazingira wa halmashauri ili zipelekwe kwa mkusanyaji mwenye kibali. Tanzania ina kanuni za taka za vifaa vya umeme na elektroniki tangu mwaka 2021.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi moja. Bajeti ya taa isiishie kwenye kununua. Iwe na fungu la betri za kubadilisha, la fundi, na la usafiri wa kuondoa zilizokufa. Taa 50 zisizo na fungu hilo, miaka michache baadaye, zitakuwa betri 50 za sumu mikononi mwa kijiji kilekile tulichotaka kukisaidia.