Je, Wajua? Mji Mmoja, Kaunti Mbili, Kodi Ngapi?

Je, wajua kwamba Sultan Hamud ni jina la mtawala ambaye ushuru wake ulikusanywa mbali kabisa na Ukambani? Hamoud bin Mohammed alitawala Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902, miaka ileile reli ilipokuwa ikipanda kutoka Mombasa kwenda bara. Kituo kikapewa jina lake, mji ukamea kando ya kituo. Leo mji huo, kilomita 110 hivi kutoka Nairobi kwenye barabara kuu ya Mombasa, umekaa pale Makueni inapokutana na Kajiado. Ndiyo maana swali ambalo kwingine huulizwa na watu wanaotaka kuhama nchi, hapa huulizwa na mtu anayetafuta chumba cha kupanga au fremu ya duka: upande upi una kodi nafuu?

Kwa mwenye mshahara, jibu linakatisha tamaa. Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010 kimeiachia serikali ya kitaifa peke yake kodi ya mapato, kodi ya ongezeko la thamani, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa. Kaunti imepewa kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, ada za huduma inazotoa, na kodi nyingine yoyote itakayoruhusiwa na sheria ya Bunge. Kwa hiyo mwalimu wa Sultan Hamud anayelipwa shilingi 50,000 kwa mwezi hukatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, yaani 1,375, na asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, yaani 750. Ahamie Lodwar, Lamu au Nairobi, makato yatamfuata bila kupungua hata senti.

Wajua pia kwamba Katiba hiyohiyo, kifungu hichohicho, inaikataza kaunti kutumia mamlaka yake ya kutoza kodi kwa namna inayoathiri biashara kati ya kaunti na kaunti, au inayozuia bidhaa, huduma, mtaji na wafanyakazi kupita? Maneno hayo ni matamu kuyasoma. Dereva wa lori la maembe anayesimamishwa kwenye kizuizi aonyeshe risiti ya ushuru wa mazao, kisha asimamishwe tena mbele na watu wa kaunti nyingine, huenda akawa na maoni yake.

Tofauti yenyewe iko kwenye vitu vidogo. Kila kaunti hupitisha Sheria yake ya Fedha, na humo ndimo zimo ada za leseni ya biashara, kibanda sokoni, maegesho, mifugo inayoingia mnadani na hata ubao wa tangazo mlangoni. Leseni moja ya biashara ilianza kutumika Kenya mwaka 1999, wakati upande huu ulikuwa chini ya Baraza la Kaunti ya Makueni na ule mwingine chini ya Baraza la Ol Kejuado. Mabaraza yalikufa baada ya uchaguzi wa 2013, zikaja serikali za kaunti, lakini mfanyabiashara bado humwita askari wao kanjo. Anayeuza ndengu na mbaazi hana haja ya kujua nadharia ya ugatuzi. Anahitaji kujua sheria iliyo mkononi mwa kanjo aliyesimama mbele yake imepitishwa Wote au Kajiado, kwa sababu risiti ya kaunti moja si leseni ya kufanyia kazi katika kaunti nyingine.

Sasa tuje kwenye kodi ya kitaifa ambayo kiwango chake hubadilika kulingana na mahali, nayo ndiyo inayosahaulika zaidi. Ni ushuru wa stempu, unaolipwa na mnunuzi wa ardhi. Ardhi iliyo ndani ya manispaa hutozwa asilimia 4 ya thamani yake. Iliyo nje, asilimia 2. Kiwanja cha shilingi 800,000 basi kitakugharimu 32,000 au 16,000 kutegemea kimeangukia wapi, na mstari huo hauonekani kwa macho. Makueni ina manispaa ya Wote na ile ya Emali-Sultan. Sheria ya miji ilivyorekebishwa mwaka 2019 iliruhusu mji wenye watu 50,000 kuwa manispaa, kiwango ambacho awali kilikuwa cha juu zaidi. Wakazi hushangilia mji wao unapopandishwa hadhi, na wana haki, kwa kuwa taa za barabarani na mitaro ya maji machafu ni vitu vizuri. Ila anayeshangilia huku akipanga kununua ploti mwaka ujao afungue pia kikokotoo.

Wenye nyumba za kupangisha nao wana mstari wao. Kodi ya mapato ya pango la makazi ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024, nayo huwahusu wanaopata zaidi ya shilingi 288,000 kwa mwaka na wasiozidi milioni 15. Chukua mtu mwenye vyumba vinane vya shilingi 3,000 kila kimoja. Kwa mwaka anapata 288,000 kamili, hajavuka. Akijenga cha tisa anafika 324,000, na kodi inahesabiwa kwa fedha yote, wala si kwa ziada peke yake: 24,300. Chumba cha tisa kimemletea 36,000 na kuondoka na theluthi mbili yake. Hesabu hii ni ileile Sultan Hamud, Kitui au Kisumu. Kinachobadilika ni bei ya chumba, na ndiyo sababu mstari huo humfikia haraka mwenye nyumba wa Nairobi kuliko wa Kasikeu.

Je, wajua kwamba karibu kila kitu unachonunua kilichotoka ng'ambo kina sehemu ya gharama ya reli ndani yake? Tozo ya maendeleo ya reli ilianzishwa mwaka 2013 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoagizwa kutoka nje. Reli mpya ikazinduliwa mwaka 2017. Mkazi wa Sultan Hamud anaichangia kila anaponunua simu au tairi la bodaboda, halafu akitaka kuipanda lazima aende Emali, maana mji uliozaliwa na reli ya kwanza haukupata kituo cha abiria katika ya pili.

Kulinganisha kodi na makazi si jambo geni hapa. Serikali ya kikoloni ilianzisha kodi ya kibanda mwaka 1901, ikihesabiwa kwa rupia, na kilichohesabiwa ni paa. Watu waliielewa mara moja. Familia zikabanana chini ya paa moja ili vibanda vipungue, wakaishi katika hali duni kwa sababu ya mkusanya kodi. Serikali ikajibu mwaka 1910 kwa kodi ya kichwa, iliyowadaka wanaume wazima wasio na kibanda cha kutozwa. Kizazi hadi kizazi kodi za namna hiyo ziliendelea kubadili majina katika ukanda wetu: Tanzania iliiondoa ya kwao mwaka 2003 na Uganda mwaka 2005.

Kule kwa Sultani mwenyewe kuna mpaka wa kodi ulio hai hadi leo. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, lakini kodi ya ongezeko la thamani si la Muungano, hivyo Zanzibar na Tanzania Bara kila upande una sheria yake. Na Oman, alikotoka ukoo wa Hamoud, imezoeleka kama nchi ambayo mshahara haukatwi kodi ya mapato. Hilo nalo linakaribia mwisho kwa wenye nacho: amri ya kifalme ya mwaka 2025 imeweka kodi ya asilimia 5 kwa mapato yanayozidi rial 42,000 kwa mwaka, ianze Januari 2028.

Wakenya walioko Marekani ndio wanaoucheza mchezo huu kwelikweli, kwa kuwa huko kila jimbo lina kodi yake. Texas haitozi kodi ya mapato, na mwaka 2019 wapiga kura waliipiga marufuku ndani ya katiba ya jimbo. Anayehamia Dallas kwa furaha hiyo hukutana na bili ya kodi ya nyumba, mojawapo ya zilizo kali nchini humo. Jimbo la Washington halikati kodi ya mshahara, na jirani yake Oregon haina kodi ya mauzo. Mto Columbia unayatenganisha. Kuna watu wanaolala Vancouver upande wa Washington na kufanya manunuzi Portland upande wa Oregon. Oregon nayo haikulala: ukivuka mto kwenda kufanya kazi kwake, mshahara huo inautoza.

Kodi pekee hainunui uamuzi mzuri, ukiniuliza mimi. Mwaka 2016 Makueni, chini ya gavana Kivutha Kibwana, ilianza mpango wa MakueniCare: familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka, ikatibiwa bila malipo mengine katika hospitali za kaunti. Mpango ulikuwa wa wakazi wa Makueni. Mtu aliyehama ng'ambo ya mpaka kufuata leseni ya duka iliyo rahisi kwa shilingi elfu moja au mbili, angezirudisha zote kwa kulaza mtoto mmoja hospitalini kwa usiku mmoja. Kati ya kuuliza kaunti inachukua nini na kuuliza inatoa nini, swali la pili ndilo lenye pesa nyingi.

Kama wewe ni mmoja wa wanaotafuta kiwanja Sultan Hamud, uliza kwanza kiko kaunti gani, kisha kama kiko ndani ya manispaa. Halafu mwombe muuzaji cheti cha kaunti kinachoonyesha kwamba kodi ya ardhi imelipwa yote. Deni la kodi hiyo hukaa na ardhi hata mwenyewe akiondoka, kwa hiyo usitoe hata shilingi ya malipo ya awali kabla hujakiona.