Nyeupe au Damu ya Mzee?

Nchelenge, nchini Zambia, imekaa ukingo wa mashariki wa Ziwa Mweru, kwa hiyo jua huzama majini, upande wa Kongo, na ifikapo saa kumi na moja jioni mwanga wake huingia kimshazari katika kila dirisha linalotazama ziwa. Hiyo ndiyo saa ya kupima rangi ya sebule. Ukuta wa damu ya mzee hurudisha kama moja ya kumi ya mwanga unaoupiga, au pungufu. Mweupe hurudisha kama nane katika kumi. Penye dirisha dogo, rangi iliyokolea hulifanya liwake mno, na aliyeketi mbele yake huwa kivuli kitupu, uso usionekane. Mafundi wa Lamu ya zamani walilielewa jambo hili: vyumba vyao vyembamba vilipata mwanga kutoka uani tu, na lipu nyeupe ya chokaa ndiyo iliyoufikisha hadi ndani kabisa.

Mimi nachagua nyeupe, na si kwa ajili ya mwanga peke yake. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zinazoteswa sana na malaria, na mbu wanaoieneza, baada ya kunyonya damu usiku, hupenda kupumzika mahali peusi. Kwenye ukuta mweupe huonekana upesi. Atakayesema rangi haizuii malaria amesema kweli; kinga ni chandarua na dawa inayopuliziwa ukutani. Ndiyo maana nasisitiza rangi ya maji badala ya chokaa: ukali wa chokaa huharibu baadhi ya dawa hizo. Tena ipakwe kabla ya wapulizaji kufika, maana kupaka baadaye ni kuifunika dawa.

Nyeupe huchafuka, bila shaka. Kuna vumbi jekundu la kiangazi, migongo ya watoto, na mikono iliyotoka kuanika dagaa wa chisense. Lakini uchafu huo hukaa chini, na hapo ndipo damu ya mzee inapostahili: mkanda wa rangi ya mafuta, mita moja kutoka sakafuni, unaofutika kwa kitambaa chenye maji, kama tunavyouona shuleni na zahanatini. Wengine husema chumba cheusi kina ubaridi. Lakini joto la nyumba ya bati hushuka kutoka juu. Rangi ya ndani hailipunguzi. Mwenye shaka apake vipande viwili ukutani, avitazame saa kumi na moja jioni, na tena saa mbili usiku kwa taa ileile ya sola ambayo watoto watasomea.