Gesi au umeme? Namna ya kuchagua joto la vifaranga katika gereji ya nyumbani

Katika miji mingi ya Uganda, gereji ya nyumbani si lazima iwe na gari ndani yake. Pale ambapo gari halijanunuliwa bado, au limekwisha kuuzwa, chumba hicho chenye sakafu ya saruji na mlango mpana wa chuma hugeuzwa kuwa mahali pa kulelea vifaranga wa kuku. Familia hupokea maboksi yenye vifaranga mia moja wa siku moja, huwatengea pembe ya gereji, na kwa wiki 3 au 4 zinazofuata swali moja huwanyima wenye nyumba usingizi: joto litoke wapi?

Uzito wa swali hilo ni wa namna mbili. Kwanza kuna mtaji, ambao mara nyingi ni akiba ya miezi mingi au mkopo wa kikundi, na ambao unaweza kupotea kwa usiku mmoja wa baridi. Pili kuna watu. Gereji nyingi zimeshikana na nyumba, na ukuta mmoja tu, au mlango mmoja, ndio unaozitenga na chumba wanamolala watoto. Chombo kinachowapa vifaranga uhai kinaweza, kikichaguliwa vibaya, kuondoa uhai wa wenye nyumba.

Kwa nini joto ni la lazima

Kifaranga wa siku moja hana manyoya ya kumkinga, na mwili wake bado hauwezi kujitengenezea joto la kutosha. Katika wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi mahali anapolala. Kiwango hicho hupunguzwa kwa nyuzi 3 hivi kila wiki, hadi kufikia nyuzi 21 ambapo manyoya yameota na hali ya kawaida ya hewa humtosha.

Pengo kati ya joto hilo na baridi ya usiku hutegemea mahali. Kampala iko katika mwinuko wa mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, lakini Kabale, kusini-magharibi mwa nchi, inakaribia mita 2,000, na usiku kipimajoto huweza kushuka hadi nyuzi 10. Mfugaji wa Kabale ana kazi kubwa kuliko mwenzake wa Kampala, na gharama yake ni kubwa vilevile. Walio Kigali, Gitega au Bukavu, miji iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, wako katikati ya hao wawili.

Vifaranga wenyewe ndio kipimo bora. Wakirundikana chini ya chombo cha joto wakilia kwa sauti kali, wanahisi baridi. Wakikimbilia pembezoni huku wakihema kwa midomo wazi, joto limezidi. Wakijazana upande mmoja, kuna upepo unaoingia kutoka upande wa pili. Wakitawanyika, wakila na kulala kwa utulivu, hali ni njema.

Joto la bei nafuu ni lile lisilopotea

Kabla ya kuchagua kati ya gesi na umeme, mfugaji hana budi kuitazama gereji yenyewe. Sakafu ya saruji hunyonya joto, na uwazi ulio chini ya mlango wa chuma huingiza upepo moja kwa moja hadi walipo vifaranga. Matandiko makavu ya maranda ya mbao au maganda ya mpunga, yenye kina cha sentimita 5 hadi 10, huwatenga na baridi ya sakafu. Uzio wa duara wa maboksi au mbao nyepesi, wenye kimo cha sentimita 45 hivi, huzuia upepo na kuweka joto karibu na miili yao. Duara hufaa kuliko pembe nne, kwa kuwa vifaranga hurundikana kwenye pembe na kukanyagana.

Hata hivyo, kuziba upepo wa chini si kuziba chumba chote. Matundu ya juu ya ukuta lazima yabaki wazi, kwani vifaranga huvuta hewa safi, na kinyesi chao hutoa amonia inayowasha macho na kuharibu mapafu.

Faida na udhaifu wa umeme

Chombo cha umeme kinachotumika zaidi ni taa ya joto ya wati 250, ambayo huweza kuwahudumia vifaranga 50 au zaidi kidogo kwa kadiri ya baridi ya mahali. Taa hiyo hutuma joto lake chini, kwa vifaranga wenyewe, badala ya kupasha hewa yote ya gereji. Haitoi moshi, haitumii hewa ya chumba, wala haiachi unyevu. Ikumbukwe kwamba balbu za LED zinazotumia umeme kidogo hazifai kwa kazi hii, kwa sababu hutoa mwanga mwingi na joto dogo mno.

Udhaifu wa kwanza wa umeme ni kukatika. Bwawa la Karuma, lenye uwezo wa megawati 600, lilizinduliwa rasmi mwezi Septemba 2024 na kuongeza sana uwezo wa nchi kuzalisha umeme. Lakini umeme kuzalishwa kwa wingi si sawa na umeme kufika kwenye soketi bila kukoma: mti ukiangukia nyaya, au transfoma ya mtaa ikizidiwa, taa ya vifaranga huzimika hata kama mitambo ya bwawa inazunguka. Aidha, wanaotumia mita ya kulipia kabla, maarufu kwa jina la Yaka, hukabiliwa na hatari nyingine: uniti kwisha saa nane za usiku wakati kila mtu amelala.

Udhaifu wa pili ni moto. Taa ya joto ikianguka juu ya maranda makavu huweza kuyawasha kwa muda mfupi. Inapasa kuning'inizwa kwa mnyororo au waya wa chuma uliofungwa imara, kamwe isitegemee waya wake wa umeme, na iwe na kikapu cha waya mbele yake. Taa nne za wati 250 hutumia wati 1,000, mzigo ambao soketi nzuri huumudu. Lakini ekstensheni nyembamba na ya bei rahisi, iliyoachwa ikiwa imeviringishwa, huweza kupata moto na kuyeyuka.

Faida na udhaifu wa gesi

Gesi ya mtungi haijali hali ya nyaya za mtaa. Kilo moja ina nishati inayokaribia uniti 13 za umeme, na chombo kimoja cha gesi cha kulelea vifaranga huweza kuwatosha mamia yao. Ndiyo maana wafugaji wakubwa, na wale wa maeneo yasiyofikiwa na umeme, huichagua.

Lakini gesi huwaka kwa kutumia hewa ileile wanayoivuta vifaranga na watu. Kilo moja ikiungua huacha kilo 3 hivi za hewa ukaa pamoja na mvuke wa maji unaozidi lita moja na nusu yakipoa. Katika gereji iliyofungwa, maji hayo huishia kwenye matandiko, amonia huongezeka, na ugonjwa wa kuhara damu hupata mazingira unayoyapenda.

Gesi hiyo pia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai na kutoka kwa matundu ya juu, bali hutambaa sakafuni na kujikusanya kwenye mashimo na mifereji. Mtungi unapaswa kukaa nje ya gereji, wima, na mpira wake upitishwe ukutani. Maungio yapimwe kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti. Na tundu moja la hewa liwe chini, karibu na sakafu, mbali na walipo vifaranga.

Tahadhari nyingine inahusu pikipiki. Katika nyumba nyingi, boda boda hulazwa ndani ya gereji kwa kuogopa wezi. Mvuke wa petroli nao hutambaa chini, na huweza kuufikia mwali ulio mita kadhaa mbali. Pikipiki, jenereta au dumu la petroli havipaswi kukaa chumba kimoja na chombo cha gesi kinachowaka.

Hesabu ya gharama

Mfano wa vifaranga mia moja wenye taa mbili za wati 250 unaweza kusaidia. Taa zote zikiwaka mchana na usiku katika wiki ya kwanza, hutumia uniti 84. Wiki ya pili zikiwaka saa 12 za usiku pekee, hutumia uniti 42. Wiki ya tatu, taa moja kwa saa 12 hutumia uniti 21. Jumla ni uniti 147, na siku za mvua na baridi zitaongeza. Nishati hiyo ni sawa na kilo 11 hivi za gesi, yaani karibu mtungi mmoja wa kawaida wa nyumbani.

Ili kulinganisha, mfugaji agawanye bei ya kujaza mtungi kwa idadi ya kilo zake, kisha azidishe bei ya uniti moja ya umeme kwa 13. Kilo ya gesi ikizidi jibu hilo, joto la umeme ni nafuu. Gesi inayotumika Uganda, Rwanda na Burundi husafirishwa kwa malori kutoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam, kwa hiyo kila kilometa ya barabara huongeza bei yake.

Bei ya umeme nayo haifanani kwa uniti zote. Katika mfumo ulioanza mwaka 2022, Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme ya Uganda iliwapa wateja wa nyumbani uniti 15 za kwanza za mwezi kwa shilingi 250 kila moja, na uniti za 81 hadi 150 kwa shilingi 412 ili kuhimiza upishi wa umeme. Nyingine zilitozwa zaidi. Viwango hubadilishwa mara kwa mara, hivyo inafaa kuuliza bei ya sasa kabla ya kuagiza vifaranga, na kujumlisha matumizi ya friji na pasi katika hesabu.

Sigiri si njia ya tatu

Wengi hukwepa uchaguzi huu kwa kutumia jiko la mkaa, au sigiri. Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Mkaa uliokolea, usiotoa hata moshi, hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hiyo hupenya chini ya milango. Anayeivuta huumwa kichwa, hupatwa na kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito ambao huenda asiamke. Chombo cha gesi nacho huitoa kikikosa hewa ya kutosha. Mwali wa buluu ukigeuka kuwa wa manjano, hiyo ni ishara ya kuzima na kufungua milango. Jenereta ndani ya gereji ina hatari hiyohiyo. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, watoke nje mara moja na kuelekea hospitali.

Uamuzi

Kwa yote hayo, kinachopaswa kuamua kwanza ni ukuta, kisha bei. Gereji iliyoshikana na nyumba wanamolala watu, yenye vifaranga mia moja au mia mbili, inafaa umeme. Gereji iliyojitenga, yenye matundu ya hewa juu na chini, isiyohifadhi petroli, na yenye vifaranga wengi au umeme usioaminika, inaweza kutumia gesi kwa usalama.

Anayechagua umeme anahitaji pia akiba ya usiku wa giza. Iliyo salama kuliko zote ni maji. Dumu la lita 20 lenye maji ya nyuzi 80, likifunikwa kwa gunia na kuwekwa ndani ya uzio, hutoa joto linalokaribia uniti moja ya umeme kabla ya kupoa hadi nyuzi 40. Hiyo ni kazi ya taa moja kwa saa nne hivi, bila moshi wala mwali. Madumu mawili, birika kubwa, na mtu mmoja aliye tayari kuamka huweza kuwavusha vifaranga hadi asubuhi.

Vifaranga waliokufa kwa baridi ni hasara, lakini wengine huweza kuagizwa. Aliyelala upande wa pili wa ukuta haagizwi tena.