HAKI YA MTUNZI NA NJAA YA MSOMAJI

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Mimi kwa kweli sikujua maana ya neno hakimiliki mpaka muhula wa kwanza, siku tuliyopatikana na kosa ambalo wenyewe hatukujua ni kosa.

Mambo yalikuwa hivi. Katika darasa letu la kidato cha tatu, nakala za riwaya ya Nguu za Jadi, aliyoiandika Clara Momanyi, zilikuwa chache. Watatu tulisongamana kwa kitabu kimoja. Jioni kila mtu anashika njia ya kwao, mmoja Mumbuni, mwingine Katoloni, basi kitabu kinaenda na mmoja na wawili wanalala bila kusoma. Tukachanga pesa. Wenzetu wawili wakatumwa mjini, karibu na steji ya matatu, wakarudi na fotokopi za riwaya nzima, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, nakala kumi na tano.

Mwalimu wa Kiswahili alipoona yale marundo hakutupigia kelele. Alichukua rundo moja, akalipima mkononi, akauliza, "Wanangu, mama aliyeandika haya, hapa amepata shilingi ngapi?" Kimya. Mimi na mdomo wangu nikajibu, "Lakini Mwalimu, asiye na pesa asisome?" Mwalimu akacheka. "Hilo ni swali. Nenda ukalitafutie jibu, kisha utuandikie kwa jarida." Jibu lenyewe ndilo hili.

Hakimiliki ni haki ambayo mtunzi hupewa na sheria juu ya kazi yake, ili mwingine asiinakili, asiitafsiri wala asiiuze bila idhini. Hapa Kenya tunaongozwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na msimamizi wake ni Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 40, inaiagiza serikali kuzilinda haki hizo. Mtunzi hana mshahara wa kuandika riwaya. Riziki yake ni ile sehemu ndogo ya bei ya kila kitabu kinachouzwa. Fotokopi zetu kumi na tano hazikumpa hata ndururu. Tukimchinja ng'ombe leo, kesho maziwa tutayakama wapi?

Lakini mwamba ngoma huvutia kwake. Nimemtetea mtunzi, sasa nimtetee msomaji.

Nyanya yangu wa kule Mwala husimulia kwamba zamani mpita njia mwenye njaa aliweza kuingia shambani mwa mtu, akachuma mbaazi mbichi, akala pale pale, na hakuna aliyemwita mwizi. Ila akionekana akitoka na gunia begani, hapo angepigiwa mayowe. Shamba lilikuwa na mwenyewe, na mwenye njaa pia alikuwa na haki yake. Nilipoisoma sheria niliona inafanana sana na mbaazi za nyanya. Imeweka ua, halafu ikaacha milango.

Mlango wa kwanza ni wa matumizi ya haki. Unaweza kutumia sehemu ya kazi ya mtu kwa utafiti, kwa matumizi yako binafsi, kwa uhakiki au kwa kutangaza habari, mradi utaje ulikoitoa. Sheria haitaji ni kurasa ngapi, bali inataka matumizi yenyewe yawe ya haki. Kwa hivyo ukinakili ukurasa mmoja ili uhakiki mhusika, hakuna taabu. Riwaya nzima mara kumi na tano, hilo ni gunia begani.

Mlango wa pili ni wa shule. Anayekusanya kitabu cha masomo anaweza kutia ndani vifungu vifupi, visizidi viwili kutoka kwa kazi moja, akitaja jina la kazi na la mtunzi.

Mlango wa tatu hufunguliwa na wakati. Hapa kwetu hakimiliki ya kitabu hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, basi tangu mwanzo wa 2013 maneno aliyoyaandika ni yetu sote. Chama chetu kinaweza kuchapisha mashairi yake humu bila kumwomba mtu. Lakini Ken Walibora alituacha mwaka 2020, na kazi zake zitalindwa hadi mwisho wa 2070.

Mlango wa nne ndio ulionigusa zaidi. Binamu yangu mkubwa haoni. Alipokuwa sekondari mwaka 2015 hakupata riwaya iliyoandikwa kwa nukta nundu. Rafiki yake alimsomea kwa sauti, usiku, wengine wakishalala. Siku rafiki akiwa mgonjwa, hakuna kusoma. Binamu alikuwa na pesa ya kitabu mfukoni. Kitabu alichoweza kukisoma ndicho hakikuwepo.

Mwaka 2013, mjini Marrakesh nchini Moroko, mataifa yalikubaliana kuondoa kizuizi hicho. Kenya ilijiunga na mkataba huo mwaka 2017, na mwaka 2019 sheria yetu ikarekebishwa. Sasa taasisi iliyoidhinishwa inaweza kukigeuza kitabu kiwe cha nukta nundu, cha maandishi makubwa au cha sauti, kwa ajili ya wasioona, bila kumwomba idhini mwenye hakimiliki. Uganda ilijiunga mwaka 2018 na Tanzania 2020, kwa hivyo kitabu cha Kiswahili kikigeuzwa Dar es Salaam kinaweza kuvuka mpaka kumfikia msomaji wa hapa. Machakos tuna chuo cha ufundi cha wasioona, basi jambo hili si la mbali. Hata hivyo, kuwepo kwa ruhusa siyo kuwepo kwa kitabu. Lazima mtu aketi akitengeneze.

Je, fotokopi zetu ziliishia wapi? Mwalimu alizifungia kabatini. Tulichanga tena, safari hii tukanunua vitabu vinne, na sasa tunasoma kwa zamu saa ya chakula cha mchana. Si rahisi, sitawadanganya. Kuna wenzetu ambao bado hulala bila kitabu, na hao wanahitaji vitabu zaidi katika maktaba ya shule. Hilo nawaachia walimu wetu na wazazi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mtunzi apewe yake, na mwenye njaa ya kusoma aonyeshwe mlango. Naweka kalamu chini.