Konyagi na toniki: Kwinini iliyomo si kinga ya malaria

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

UKIINGIA katika baa nyingi za jijini saa za jioni, hutakosa kumsikia mteja akiagiza konyagi na toniki, barafu ya kutosha na kipande cha limau. Ni mchanganyiko wenye wapenzi wengi, na sababu zao hazifichiki. Uchungu wa soda hiyo hupunguza ukali wa pombe, gesi huchangamsha ulimi, nayo limau huleta harufu njema. Kwa joto la pwani, ni vigumu kumlaumu anayeupenda.

Hata hivyo, pamoja na ladha hiyo, ipo imani inayozungushwa mezani kwa miaka mingi sasa. Wapo wanaodai kuwa mnywaji wa toniki hasumbuliwi na malaria, kwa kuwa ndani ya soda hiyo mna kwinini. Baadhi husema hivyo kwa utani. Wengine huamini kweli, hata mtu akihisi homa huamua kunywa glasi mbili na kulala, akitarajia kuamka mzima. Katika nchi ambayo malaria bado inaua, imani ya namna hiyo yafaa ipimwe kwa tarakimu.

Msingi wake una ukweli. Kwinini hupatikana katika magome ya mti wa sinkona, ambao asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Mwaka 1820, wanakemia wawili wa Ufaransa, Pierre Joseph Pelletier na Joseph Caventou, walifaulu kuitenga kutoka katika magome hayo. Katika karne hiyo hiyo Waingereza waliokuwa India walizoea kunywa kwinini kwa kujikinga na homa, na kwa kuwa ni chungu mno, waliichanganya na maji, sukari na pombe aina ya jin. Mwaka 1858, Erasmus Bond wa London alipata hataza ya maji ya toniki, na baadaye kampuni ya Schweppes ikaisambaza soda hiyo kwa jina lililoitaja India na kwinini pamoja.

Tanzania nayo ina sehemu yake katika historia hiyo. Wajerumani walipoanzisha taasisi ya utafiti wa kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, mwaka 1902, sinkona ilikuwa miongoni mwa miti waliyoipanda. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka na meli za Uingereza kuifunga pwani, dawa kutoka Ulaya ziliadimika. Jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck likategemea kwinini iliyotengenezwa humu humu nchini, na ilipokuwa vigumu kupata vidonge, magome yalichemshwa na maji yake kunywewa. Wanajeshi waliuita mchemsho huo kwa kejeli 'Lettow-Schnaps', yaani kileo cha Lettow, ingawa haukuwa na lolote la kumfurahisha mnywaji.

Tofauti kati ya mchemsho ule na soda ya leo ni kiasi cha dawa. Toniki ya sasa hutiwa kwinini kwa ajili ya ladha tu. Sheria za Marekani, kwa mfano, haziruhusu zaidi ya miligramu 83 katika lita moja. Maana yake ni kwamba chupa ya mililita 300 haiwezi kuwa na zaidi ya miligramu 25.

Sasa tuitazame dozi. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60 akitibiwa malaria kwa vidonge vya kwinini, hupewa miligramu 600 mara tatu kwa siku, jumla miligramu 1,800, kwa siku saba. Ili azipate kwa njia ya toniki, angelazimika kunywa karibu lita 22 kila siku, sawa na chupa zaidi ya 70, na kurudia hivyo kwa wiki nzima. Hapo sukari peke yake ingemlaza hospitali kabla ya malaria, achilia mbali konyagi iliyochanganywa humo.

Aidha, kwinini yenyewe si tena dawa ya kwanza. Tangu mwaka 2006 Tanzania ilipobadili mwongozo wa tiba, malaria isiyo kali hutibiwa kwa dawa ya mseto, maarufu kwa jina la Alu. Kwa malaria kali, Shirika la Afya Duniani hupendekeza sindano ya artesunate badala ya kwinini. Kwa hiyo mwenye homa anachokihitaji ni kipimo cha damu, na mapema, kwani kwa mtoto au mama mjamzito saa chache huweza kuamua mengi.

Jambo la pili ambalo soda huleta katika glasi ni kuificha pombe. Konyagi ina kilevi asilimia 35. Kibapa cha mililita 200 kina mililita 70 za kilevi halisi, wakati chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia tano ina mililita 25. Anayemaliza kibapa kimoja amekunywa karibu bia tatu, lakini kwa kuwa utamu na baridi vimefunika ukali, humwona mwenzake wa bia kuwa ndiye mlevi. Zipo pia tafiti zilizoonyesha kuwa gesi ya soda huharakisha pombe kuingia katika damu kwa baadhi ya watu.

Ini nalo halina haraka. Kwa wastani huhitaji takriban saa moja kuondoa toti moja ya mililita 30, hivyo kibapa kizima huchukua karibu saa saba. Kiwango cha kisheria kwa dereva nchini ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu, na mtu wa kilo 60 aliyemaliza kibapa ndani ya saa moja huwa amekivuka. Kahawa na maji ya baridi usoni havibadili hesabu hiyo.

Ilikuwa rahisi zaidi kupoteza hesabu enzi za viroba, vifuko vidogo vya plastiki vilivyopigwa marufuku Machi 1, 2017. Leo mnywaji anayetaka kujua kiasi alichokunywa anaweza kudai kipimo cha toti badala ya kumiminiwa kwa kukadiria, kuweka toti moja kwa chupa nzima ya soda, na kula kwanza.

Kwa anayependa kuiona kwinini kwa macho yake, njia ipo. Katika kumbi za disko zenye taa za zambarau, glasi ya toniki hung'aa rangi ya buluu, wakati soda nyeupe ya limau iliyo kando yake hubaki ilivyo. Ni ile kwinini kidogo iliyomo ndiyo inayong'aa.