Majaketi ya pikipiki: Faida iko ukingoni, si kwenye mng'aro

KILA inapofika Juni, mfanyabiashara wa nguo anayezunguka minada ya Mbulu na Hanang hahitaji kuambiwa ni bidhaa gani itakayotoka haraka. Nyanda za juu za Mbulu, ambazo sehemu zake hupita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, huwa na baridi kali, na upande wa Hanang upepo hushuka kutoka kwenye mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Ni miezi hiyo hiyo ambayo mkulima wa mahindi, maharage, ngano na vitunguu saumu huanza kushika fedha. Dereva wa bodaboda anayeamka alfajiri kumwahisha abiria Katesh au Haydom anataka jaketi, analitaka la ngozi, na analitaka kwa bei anayoimudu.

Soko hilo ni la uhakika. Bidhaa yenyewe ndiyo yenye mashaka. Katika fungu moja la majaketi meusi yanayong'aa hulala pamoja ngozi ya ng'ombe, ngozi ya kondoo, ngozi iliyosagwa na kuunganishwa kwa gundi, na plastiki tupu. Yote huitwa majaketi ya ngozi, na mara nyingi huuzwa kwa bei moja. Asiyejua kuyatenganisha huliwa na fungu, na anayejua hula faida yake.

Hesabu ya fungu moja

Tuchukue mfano wa hesabu, ambao msomaji anaweza kuubadili kulingana na bei za soko lake. Mfanyabiashara ananunua majaketi 20 ya kuchagua, kila moja Sh. 25,000, jumla Sh. 500,000. Nauli, ushuru wa soko na chakula vinamgharimu Sh. 60,000. Akiuza yote kwa Sh. 40,000 atapata Sh. 800,000, na faida yake itakuwa Sh. 240,000.

Sasa tuseme sita kati ya hayo 20 ni ya plastiki na yameanza kubanduka mabegani. Hayo atayatupa kwa Sh. 10,000 kila moja ili asirudi nayo nyumbani. Mapato yake yatakuwa Sh. 560,000 kwa yale 14 mazuri na Sh. 60,000 kwa yale mabovu, jumla Sh. 620,000. Akitoa gharama zote, anabakiwa na Sh. 60,000. Majaketi sita yamekula robo tatu ya faida ya safari nzima. Hapo hatujahesabu mteja atakayerudi mnadani na jaketi mkononi akidai fedha yake.

Mwenye mtaji mdogo hana mahali pa kuficha hasara ya namna hiyo. Ndiyo maana dakika tano za kukagua kila jaketi, iwe ni Memorial mjini Moshi, Karume jijini Dar es Salaam au kwa muuzaji wa jumla wa karibu, zina thamani kuliko saa nzima ya kubishania punguzo la Sh. 1,000.

Aina nne, jina moja

Aina ya kwanza ni ngozi ya juu ya mnyama, yenye vinyweleo vyake. Ya ng'ombe ni nene na ngumu, na ndiyo hutumika zaidi kwa majaketi ya pikipiki. Ya mbuzi ni nyembamba lakini imeshikana vizuri. Ya kondoo ni laini na humpendeza mvaaji, ila huchanika kwa urahisi. Ya nguruwe hutambulika kwa vinyweleo vyake kukaa vitatu vitatu kama mafiga. Ni vizuri muuzaji aijue hiyo, kwa kuwa wapo wateja ambao hawataivaa kwa sababu ya dini yao, na ni haki yao kuambiwa.

Aina ya pili ni tabaka la chini la ngozi, linalobaki baada ya lile la juu kuchanwa kwa mashine. Ni ngozi ya kweli, lakini nguvu yake ni ndogo. Mara nyingi hupakwa rangi nzito au plastiki juu ili lifanane na la kwanza.

Aina ya tatu ni mabaki ya ngozi yaliyosagwa, yakachanganywa na gundi na kulazwa kama karatasi. Hii ndiyo inayowadanganya wengi, kwa sababu inanuka ngozi. Anayetegemea pua peke yake ataikubali.

Aina ya nne ni plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa. Ubaya wake ni kwamba unyevunyevu wa hewa huila polepole hata kama jaketi limetundikwa tu bila kuvaliwa. Jaketi la namna hiyo lililokaa miaka kadhaa huko lilikotoka linaweza kufika sokoni likiwa safi kabisa, kisha likaanza kubanduka vipande vipande wiki chache baada ya kununuliwa. Muuzaji ataonekana tapeli hata kama hakujua.

Maandishi ya Genuine Leather yaliyoshonwa ndani hayatoshi kumaliza ubishi. Hayasemi ni tabaka lipi la ngozi, na kibandiko chenyewe ni rahisi kushonwa juu ya chochote.

Pa kuangalia

Anza na ukingo. Tafuta mahali ambapo ngozi haikukunjwa: ndani ya mfuko, kwenye pindo la chini, au chini ya zipu. Ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi kutoka juu hadi chini, na upande wake wa nyuma una manyoya mafupi. Ukiona kitambaa kilichofumwa na utando juu yake, hiyo ni plastiki. Ukiona kitu kilichoshikana kama kadibodi, hayo ni mabaki ya kusagwa.

Pili, bonyeza kwa kidole gumba. Ngozi hujikunja kwa mistari isiyolingana, kama mkono wa mtu mzima. Plastiki hubonyea tu, na vinyweleo vyake vya kuchorwa vinafanana kila mahali.

Tatu, nenda kwenye kola, mwisho wa mikono na mabega. Hapo jasho na jua hufanya kazi kwanza. Kunja kwa nguvu, kisha pitisha ukucha. Likitoa magamba, liweke pembeni. Likiwa gumu na lenye nyufa ndogo, ngozi imekauka, na mafuta hayataurudishia uhai uliokwisha kupotea.

Nne, vuta mishono ya begani na kwapani pande mbili kwa wakati mmoja. Mshono mzuri wa jaketi la pikipiki huwa wa mistari miwili, na uzi wake ni wa nailoni au poliesta. Matundu ya sindano yakirefuka, au mwanga ukipita, mshono huo utafumuka. Uwe mwangalifu pia na mishono iliyorudiwa mara nyingi: kila tundu jipya huidhoofisha ngozi, kama karatasi iliyotobolewa ili ichanike kirahisi.

Tano, endesha zipu mara tatu kutoka mwanzo hadi mwisho. Zipu mbovu si lazima iwe sababu ya kuliacha jaketi, lakini lazima iwe sababu ya kushusha bei, kwani fundi atadai malipo ya zipu na ya kazi. Wapo madereva wanaolivaa jaketi kinyume, zipu ikiwa mgongoni, ili kuzuia upepo kifuani. Matumizi hayo huivuta sana zipu dhaifu.

Mwisho, futa kwa kitambaa cheupe chenye maji. Rangi ikitoka kwa wingi, jaketi limepakwa upya karibuni ili kuficha jambo. Jaribio la tone la maji, ambalo wengi hulitegemea, lina kasoro: ngozi iliyopakwa utando wa kiwandani nayo hukataa maji. La kiberiti ni baya zaidi, maana linaharibu mali ya mtu na bado halimalizi ubishi.

La fasheni na la pikipiki

Hapa si suala la fedha peke yake. Barabara ya Babati kwenda Singida, inayopita Katesh, ni ya lami, lakini njia nyingi za kuingia vijijini ni za vumbi na changarawe. Dereva akianguka, ngozi ya jaketi ndiyo inayosagika badala ya ngozi yake. Jaketi la fasheni, hata likiwa la ngozi halisi, mara nyingi ni jembamba mno kwa kazi hiyo.

Kipimo rahisi ni kadi ya benki, ambayo unene wake ni milimita 0.76. Ngozi ya jaketi la pikipiki kwa kawaida huwa kati ya milimita 1.1 na 1.4, yaani kama kadi moja na nusu au zaidi. Ukiweka kadi kando ya ukingo wa jaketi na ngozi ikawa nyembamba kuliko kadi, hilo ni la kuzuia baridi tu.

Angalia pia kibandiko cha ndani. Majaketi ya pikipiki ya miaka ya karibuni kutoka Ulaya yanaweza kuwa na alama ya kiwango cha EN 17092, kilichotolewa mwaka 2020. Herufi AAA ni daraja la juu kabisa, zikifuatiwa na AA na A. Kinga za viwiko na mabega huwa na alama ya EN 1621-1. Mara nyingi kinga hizo huwa zimetolewa na mifuko yake kubaki mitupu, hivyo pitisha mkono ndani ya bitana. Kumbuka kwamba alama hiyo inalisemea jaketi likiwa jipya, na haiwezi kuutetea mshono uliokwisha kuoza. Hakuna jaketi, hata la AAA, linalochukua nafasi ya kofia ngumu.

Kuuza kwa madaraja

Ushauri wa ukurasa huu ni kuyagawa majaketi katika mafungu matatu kabla ya kupanga bei: la pikipiki, la ngozi ya baridi, na la plastiki. Kila fungu liwe na bei yake na liitwe kwa jina lake. La plastiki nalo lina mnunuzi, kwani kijana anayetaka kupendeza msimu mmoja atalichukua akijua anachokinunua.

Faida ya uwazi huo ni ya kibiashara. Madereva wa bodaboda hukaa kijiweni pamoja kutwa nzima. Jaketi moja lililobanduka huonekana na kijiwe kizima, na jina la aliyeliuza hutajwa kabla ya mnada unaofuata. Jaketi moja lililodumu misimu mitatu nalo hutajwa vivyo hivyo, bila gharama ya tangazo.

Kwa mzigo unaobaki baada ya Agosti, usiukunje ndani ya mifuko ya nailoni, kwa sababu utaota ukungu. Utundike penye hewa na kivuli, na usiuanike juani wala kuusafisha kwa mafuta ya taa.

Wakazi wa wilaya hizi mbili hawaanzi ujuzi huu kutoka sifuri. Mnadani, kabla ya bei kutajwa, ng'ombe huzungukwa na kupapaswa, na machinjioni mnunuzi wa ngozi huigeuza akitafuta tundu la kisu, alama ya kupe na chapa ya moto, kisha hushusha bei kwa kila kasoro. Anayenunua jaketi naye aligeuze vivyo hivyo, kwa jicho lile lile, kabla ya kutoa noti mfukoni.